Nta ya Maji ya Kisima

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ghala la nta nilisahau kuamkia watu. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amenisindikiza hadi mlangoni, na alinifinya mkono ili niseme shikamoo kwa wakubwa waliokuwa ndani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuinua kichwa. Mikate ya nta ilikuwa imepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na mabati ya paa, kila mmoja mpana kama karai ambamo uliganda. Jua la saa tatu liliingia kwa dirisha dogo la mashariki likaangukia mpango ule, na nta haikung'aa kwa juu kama bati linavyong'aa. Iliwaka kwa ndani, kama taa iliyofunikwa kitambaa cha manjano.

Baba yangu alikuwa mrina asali kule Sikonge. Kila mwaka mvua zilipokwisha aliingia porini na wenzake, akakaa huko wiki tano au sita, akarudi amekonda na mikono imevimba, na mama akayachemsha masega na kupata mikate miwili ya nta. Mwaka mzuri sana, mitatu. Kwa hiyo nilisimama pale nikijaribu kuhesabu akina baba wangapi walikuwa wamepangwa ukutani, nikashindwa.

"Huyu mtoto ameingiwa na nini?" mwanamke mmoja akauliza.

"Anaiamkia nta kwanza," mwingine akajibu. "Sisi tutaamkiwa kesho."

Wakacheka wote, nami nikatoa shikamoo yangu kwa aibu, na kazi nikaipata siku hiyohiyo. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, wakati wanaume waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wanavaa makoti ya jeshi sokoni. Kampuni ilinunua nta kwa warina wa pande zote za Tabora, ikaiyeyusha upya na kuisafisha, ikaipeleka Dar es Salaam kwa treni, na kutoka huko ikavuka bahari kwenda kutengenezwa mishumaa na dawa ya viatu. Hilo la viatu lilitushangaza. Baba alipanda juu ya mti akaumwa na nyuki ili mtu asiyemjua apake kiatu.

Wanawake tulikuwa kumi na wanne. Tulifanya kazi kwenye banda lisilo na kuta nyuma ya ghala, palipokuwa na mafiga yaliyopangwa safu mbili na masufuria makubwa juu yake. Nta iliyonunuliwa ilikatwakatwa, ikachemshwa na maji, ikachujwa kwa gunia hadi kwenye makarai, kisha makarai yakafunikwa kwa magunia makavu ili nta ipoe polepole. Asubuhi mikate ilipinduliwa, uchafu uliotuama chini ukakwanguliwa, ikapimwa na kupelekwa ndani. Mkubwa wetu alikuwa mwanamke wa Kanyenye mwenye umri wa kutosha kuwa mama wa wengi wetu, na wote tulimwita Mama Mkubwa. Hakuwa na cheo. Alilipwa kama sisi, kwa siku. Lakini hakuna sufuria iliyoondolewa mekoni kabla hajainama karibu nayo na kuisikiliza. Ndiyo, kuisikiliza. Aliweka sikio upande, akanyamaza, halafu akasema, "Bado inalia maji," au, "Haya, itoeni." Nilijaribu mara nyingi kusikia alichokisikia. Sikusikia kitu zaidi ya mchemko.

Mbele ya ghala ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita mjini kwetu hadi Ujiji. Bibi yake Mama Mkubwa aliletwa kwa njia hiyo kutoka Manyema, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na Mama Mkubwa alipenda kusimama kando yake saa ya mapumziko akitazama warina wakija. Nilipoanza kazi walikuja wachache, kwa miguu. Baada ya miezi sita walikuja kwa baiskeli, nta imefungwa nyuma kwa kamba za magome. Baada ya mwaka foleni yao ilitoka mlangoni, ikapita barabarani, ikaishia mbele ya duka la Mwarabu aliyeuza chai, naye akajenga kibanda cha pili kwa ajili yao. Ghala moja likawa mawili, kisha matatu. Lori likaja, kisha la pili. Nakumbuka siku tulipojaza behewa zima kwa mara ya kwanza. Tulisimama stesheni tukitazama mlango ukifungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Mikono yetu ilikuwa imefanya kitu kikubwa kuliko sisi, na tulikiogopa kidogo.

Kilichokua ni kampuni. Sisi tulibaki palepale. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande, karatasi ngumu yenye visanduku thelathini, na kila siku ya kazi ilitiwa alama kwenye kisanduku kimoja. Visanduku vikijaa unalipwa. Katika mwaka mmoja na nusu tulipata mameneja watatu, wote Waingereza, wote vijana, na kila aliyekuja alibadilisha alichokikuta. Wa kwanza alitaka nta ipimwe asubuhi. Wa pili alitaka ipimwe jioni, kwa hiyo kwa wiki nzima ikapimwa mara mbili na hesabu zikagombana. Vipande vyetu vilikuwa vyeupe, vikawa vya buluu, na siku zilizokuwa kwenye vyeupe zikapotea. Tulipouliza tuliambiwa na nyapara wetu kwamba meneja aliyezijua ameondoka.

Nyapara huyo alikuwa mmoja wa waliorudi Burma. Alikuja kazini na filimbi shingoni na kutupanga mstari kila asubuhi kama askari, wafupi mbele, warefu nyuma. Tulimwita Afande, naye hakujua kama ni heshima au dhihaka, akachagua kuamini heshima. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kufukuzwa kuliko sisi, kwa kuwa yeye alikuwa wa mwezi, mwenye mshahara, si kibarua wa kipande.

Hilo la kuwa wa mwezi ndilo lililonikosesha raha mwaka ule. Niliishi na shangazi kwenye nyumba za reli, kwa kuwa mume wake alikuwa fundi wa reli. Mwanzoni mwa kiangazi akapata barua ya uhamisho: mwisho wa mwezi wa tisa aende Kigoma. Nyumba ilikuwa ya reli, kwa hiyo wakiondoka nami naondoka. Chumba cha kupanga Kanyenye kingekula karibu kipande chote. Lakini mfanyakazi wa mwezi wa kampuni alipewa chumba kwenye kota nyuma ya ghala la tatu. Nilimwandikia baba kuomba nibaki. Jibu lake alimtuma mtu wa baiskeli alete kwa mdomo, neno kwa neno: "Kampuni ikikuandikia barua kwamba wewe ni mtu wao wa mwezi, kaa. Bila barua, rudi nyumbani."

Na kazi ya mwezi nilikuwa nikiifanya tayari. Karani wa ghala alikuwa ameacha kazi, akaenda reli kwenye mshahara wa maana, na hakuletwa mwingine. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Afande akaniletea daftari la mizani, akaliweka juu ya ndoo niliyokuwa nikiosha.

"Wewe unajua kuandika. Shika siku mbili tatu, karani mpya anakuja."

Siku mbili tatu zikawa miezi kumi na moja. Kipande changu kiliendelea kusema mfagiaji, na nililipwa kama mfagiaji. Meneja wa pili aliniahidi barua mwezi ujao. Mwezi ulipofika yeye alikuwa amekwenda Nairobi. Hata hivyo sitasema uongo: nililipenda daftari lile. Niliandika uzito, kisha nikaanza kuandika na mambo ambayo hakuna aliyeniagiza. Sufuria ipi ilichemka muda gani. Kuni za mti gani. Nta ya Ugalla ilikuwa nyeusi kidogo, ya Sikonge ya manjano, ya njia ya Kigwa ilikuwa na mchanga. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nashangaa tu, na kuandika ndiko kulikonituliza.

Katikati ya kiangazi hicho tangi la maji ya mvua tulilotumia likakauka, mapema kuliko kawaida, kwa sababu kazi ilikuwa imeongezeka mara tatu. Kampuni ikachimba kisima kirefu na kukitia pampu. Siku ya kwanza tuliyochemsha kwa maji ya pampu, mikate ya asubuhi ilitoka na kitu cha kijivu upande wa chini, laini kama uji uliolala. Mama Mkubwa aliyaonja yale maji, akatema.

"Yana chumvichumvi. Yanagombana na nta. Kesho kila mtu alete ushishi."

Ushishi ni jina letu la ukwaju. Siku ya pili kila mwanamke akaja na fungu lake limefungwa kwenye pindo la kanga, wakauloweka, wakaukamua, wakachuja ule urojo kwa kitambaa na kumimina kwenye kila sufuria kabla nta haijayeyuka yote. Asubuhi tulipopindua makarai mikate ilikuwa safi hadi chini. Niliandika: Leo ushishi. Nta nzuri. Wanawake waliona ni jambo la kawaida, mama zao walifanya hivyo waliposafisha nta kwa maji ya visima vya kijijini. Mimi ndiye niliyekaa nikishika mkate mkononi. Urojo wa tunda tunalotia kwenye uji, na ugomvi uliokuwa ndani ya maji ukaisha.

Ndipo akaja meneja wa tatu. Alikuwa mrefu, mwekundu wa jua, na mwenye bidii. Asubuhi yake ya kwanza bandani alimkuta Mama Mkubwa amesimama juu ya sufuria akimimina kitu cha rangi ya matope.

"Hii nini? Nani nasema weka hii?"

"Ushishi, Bwana. Maji ya kisima—"

Hakumaliza. Warina wengine walikuwa na tabia ya kuongeza uzito wa nta kwa kuchanganya mafuta ya ng'ombe au unga wa muhogo, naye alikuwa ameonywa huko alikotoka kuhusu jambo hilo. Alichokiona kilikuwa uchafu unaoingizwa kwenye mali ya kampuni mchana kweupe. Aliimwaga sufuria yote chini kwa teke. Nta ya moto ilikimbia juu ya udongo, ikapauka, ikaganda. Mchana huo ubao ukapigiliwa kwenye nguzo, na Afande akausoma kwa sauti ya gwaride: atakayetia kitu chochote kwenye nta, zaidi ya maji, atafukuzwa na kunyimwa kipande chake.

Uji wa kijivu ukarudi siku iliyofuata. Mama Mkubwa alimwendea Afande.

"Mwanangu, mwambie bwana wako nta inaoza."

"Mama, kazi yako kupika. Kufikiri kuna mwenyewe."

"Haya. Akimaliza kufikiri atuite."

Tulikwangua kadiri tulivyoweza, lakini simu za upepo, zile telegramu, zilikuwa zinakuja kutoka Dar es Salaam kila siku tatu zikitaka behewa jingine, na jingine, kwa hiyo mikate ikapakiwa na ujivu wake ndani. Niliandika kila kitu. Tarehe ya pampu. Tarehe ya ushishi. Tarehe ya ubao. Mikate mingapi ilitoka kijivu kila siku tangu ubao.

Mwezi wa tisa ulikuwa umefika katikati behewa liliporudi. Hatukuwahi kuona jambo kama hilo, nta kutoka pwani kuja bara. Ilipakuliwa mbele yetu. Mkaguzi wa huko alikuwa ameivunja mikate mingi, na ndani yake mlikuwa na matone ya maji na mabaka kama ukungu. Meneja alikaa kitako juu ya kreti, akashika kichwa. Kisha akasimama, akasema tumekula nta nzuri na kuweka unga, na kwamba Jumamosi atafukuza vibarua wote wa bandani na kuleta wanaume.

Tangu siku hiyo tukapekuliwa mlangoni. Nilimwona Afande akimsimamisha mwanamke mmoja mnene, mcheshi, ambaye kanga yake ilikuwa imevimba kiunoni.

"Toa! Hiki nini?"

"Kiazi, Afande."

"Kiazi gani cha manjano?"

"King'ate. Kikikwama menoni ni nta, kikishuka ni kiazi."

Hata Afande alicheka, akageuka ili asionekane.

Mimi sikuweza kucheka. Wiki mbili zilikuwa zimebaki, shangazi alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake kwenye masanduku, na sasa hata ufagio nilikuwa naelekea kuukosa. Siku ya Alhamisi asubuhi nilichukua daftari nikaenda ofisini bila kuitwa. Meneja alikuwa anaandika. Sikujua niseme nini kwa hiyo nililifungua mbele yake na kuweka kidole kwenye tarehe ya pampu, kisha ya ushishi, kisha ya ubao. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kwa kuwa Kiswahili chake cha kusoma kilikuwa kizuri kuliko cha kusema. Alirudi nyuma kurasa mbili. Akaja mbele tena.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, Bwana."

"Ushishi kiasi gani?"

Hapo nilikwama. Nilikuwa nimeandika kila kitu isipokuwa kipimo, kwa sababu Mama Mkubwa hakupima. Alimimina. Nikasema wanawake wanajua. Akatoka mbio, nami nyuma yake, hadi bandani. Alikuwa ameahidi kwa simu ya upepo behewa safi kwa treni ya Jumamosi, na sasa alihitaji sufuria kumi na mbili zichemke siku hiyo.

"Mama," akamwambia Mama Mkubwa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "ushishi. Weka. Ngapi?"

Mama Mkubwa alifuta mikono kwenye kanga, akatazama sufuria kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mimi sijui, Bwana. Mimi kibarua."

Meneja akamgeukia yule mcheshi. Naye hakujua. Akamwuliza wa tatu, wa nne. Wote kumi na watatu hawakujua. Walisema kwa upole, macho chini, kwa adabu iliyonitisha. Hawakuwa wamepanga, nina hakika, maana mimi nilikuwa nao asubuhi yote. Mmoja alianza, wengine wakaelewa.

"Nyinyi mmefanya wiki nzima mbele ya macho yangu!" Afande akapiga kelele. "Nani basi anajua?"

"Karani," akasema Mama Mkubwa.

"Hapa hakuna karani."

"Basi hakuna anayejua."

Meneja alinitazama, akatazama daftari lililokuwa bado mkononi mwake, akamwuliza Afande kwa Kiingereza mimi ni nani kwenye kampuni. Afande, ambaye kwa miezi kumi na moja alikuwa amepeleka ofisini hesabu zangu kama zake, alijibu kwa Kiswahili, "Mfagiaji, Bwana."

"Wewe unajua ushishi?" meneja akaniuliza.

Nilikuwa sijawahi kukamua hata tunda moja katika banda lile. Nilimtazama Mama Mkubwa. Hakunipa ishara yoyote. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke, na nikaona kwamba alichokuwa amekiweka mbele yangu ni ile barua aliyoidai baba, ambayo sikumbuki kama niliwahi kumweleza. Lazima shangazi alisema.

"Najua, Bwana," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Lakini kipande changu ni cha kufagia. Ukiniandikia barua ya karani, kazi ya mwezi, na chumba, nitasimamia."

Alinuna. Alitazama saa. Aliangalia mikate iliyorudi, iliyolundikwa kando ya banda kama mawe ya kijivu. Kisha akaenda ofisini, tukasikia mashine ya chapa ikigonga, akarudi na karatasi yenye mhuri wa kampuni. Nikaisoma yote, nikimweka bwana mkubwa amesimama kwenye jua, kwa kuwa mameneja wawili walikuwa wamenifundisha kusoma yote. Mshahara ulioandikwa ulikuwa chini ya ule wa karani aliyeondoka, karibu nusu. Nililiona hilo. Nikaikunja nikaiweka kifuani.

Sasa ikabidi niijue kazi niliyosema naijua. Afande alitumwa sokoni akarudi na gunia la ushishi, na meneja akaletewa kreti ya kukalia. Nikasimama katikati ya banda, na wanawake wakaanza.

"Karani," Mama Mkubwa akasema kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "umesema tuuloweke kwanza kwa maji ya moto, sivyo?"

"Ndiyo. Nimesema."

"Na kokwa zote zitolewe, sivyo?" akauliza mwingine.

"Zote."

"Vibuyu vitatu kwa sufuria, umesema, au umesema vinne?"

Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa anakuna kichwa kwa vidole vitatu.

"Vitatu."

"Na hiyo ndogo ya mwisho, viwili?"

"Ndiyo, na hiyo ndogo viwili. Ndivyo nilivyosema."

Yule mcheshi akaniletea kibuyu chenye urojo, akakiinua hadi puani kwangu kwa heshima zote. "Karani, nusa uone kama umeiva kama unavyoupendaga wewe."

Nilinusa. Machozi yalinitoka, ikasemekana ni ukali wa ushishi. Meneja aliandika kila kipimo kwenye kijitabu chake. Afande alisimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza. Kazi ile niliyokuwa nikiitazama kwa mwaka na nusu ilipita mbele yangu tena, lakini safari hii ilipita kupitia kwangu, kila neno likirudi kwangu limetengenezwa tayari ili nilitamke. Wanawake kumi na watatu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza chochote walikuwa wakinipa ujuzi wao wote hadharani, mbele ya mwenye mali, naye hakuona. Sufuria ya kwanza ilipotulia Mama Mkubwa aliinama upande wake. Nami nikainama upande wa pili.

"Bado inalia maji?" akaniuliza.

Nikasikiliza. Chini ya mchemko mkubwa kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya kukatikakatika, na nilipokuwa naisikia ikaisha.

"Itoeni," nikasema. Mama Mkubwa akaitikia kwa kichwa taratibu, na hilo halikuwa la kumwonyesha meneja.

Asubuhi ya Ijumaa tulipindua makarai. Jua lilikuwa limepanda kimo cha mtu. Mkate wa kwanza ulitoka, kisha wa pili, kisha yote ikapangwa kwenye mikeka, na banda zima likapata mwanga kutoka chini. Meneja alivua kofia. Alipiga goti, akapitisha kiganja juu ya mmojawapo, akaupindua mwenyewe kutafuta ujivu na hakuupata. Sina kinyongo naye nikikumbuka uso wake saa ile. Nilikuwa na uso kama huo siku yangu ya kwanza.

Behewa liliondoka Jumamosi. Wanaume hawakuletwa. Lile tangazo la nguzoni halikubanduliwa, ila chini yake waliongeza maneno kwamba ushishi si kitu chochote. Kampuni ikaanza kununua ukwaju kwa magunia, na mwezi wa kumi na moja meneja akapandishwa cheo kwa ugunduzi huo, akahamishiwa makao makuu. Wa nne alipokuja aliuliza nani alimfundisha karani wake, nikamwambia, akafikiri natania.

Shangazi na mume wake walipanda treni ya Kigoma siku ya mwisho ya mwezi wa tisa. Alishuka tena mara mbili kunikumbatia, hadi mume wake akamwambia treni haitamsubiri. Barua yangu alikuwa ameisoma, kisha akaomba imsomewe tena na mtu mwingine, kuhakikisha. Nakala niliyoiandika kwa mkono nilimpa mtu wa baiskeli aipeleke Sikonge.

Kutoka stesheni nilikwenda moja kwa moja kazini. Mama Mkubwa alikuwa peke yake mekoni akichochea, wengine walikuwa kwenye kuni. Nilikaa karibu naye. Kwa wiki mbili nilikuwa nimetafuta nafasi hiyo.

"Mama Mkubwa, kwa nini hukujiombea wewe? Siku ile angekupa chochote."

"Angenipa nini?"

"Kazi ya mwezi."

"Na hawa?" Alionyesha kwa kidevu upande wa kuni. "Angeniandika mimi, angewaona wao ni wa bure. Tena mimi nina nyumba Kanyenye, nina watu wangu. Wewe ungepotea." Alisogeza ukuni mmoja ndani. "Usinitazame hivyo. Hatukukupa zawadi. Tumekuweka mahali."

"Mahali gani?"

"Penye kalamu. Umeandika mambo ya nta mwaka mzima, nta haina shida ya kuandikwa. Sasa andika sisi, siku zetu zisipotee tena."

Wanawake walikuwa wanarudi, mizigo kichwani, wakibishana kuhusu nani ameacha kuni nzuri njiani. Nikalifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Nikapiga mistari kumi na mitatu, nikaandika majina yao kuanzia kwa aliyekuwa mbele yangu, na mbele ya kila jina siku aliyoanza kazi, kwa kumwuliza mwenyewe. Yule mcheshi alidai ameanza tangu enzi za Wajerumani. Nilimwambia akae chini, atasema ukweli au atabaki bila kuandikwa, wakacheka hadi mmoja akaangusha kuni zake. Mama Mkubwa alikuwa wa mwisho. Alihesabu misimu kwa vidole, na alipoitaja ile siku kwa usahihi niliona kwamba ilikuwa kabla ya ghala la kwanza kuezekwa.